Kompyuta yangu ilikuwa inaugua Segese, ikifika Ngokolo inapona

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Nawaandikia kutoka Segese, Msalala, huku ambako vumbi huingia ndani kabla mgeni hajapiga hodi. Mimi si mtu wa IT. Nauza spea za pikipiki, na Jumapili ni mtu wa kwaya kigangoni. Siimbi, maana sauti niliyopewa ni ya kuitia ng'ombe. Kazi yangu ni kushika rekoda na kuhifadhi nyimbo kwenye kompyuta ya nyumbani.

Haya yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Nilichofanya ni kupunguza matusi niliyoitukana ile kompyuta, kwa sababu mods wa humu nawajua.

Uzi ni mrefu kidogo. Wenye haraka wanaweza kushuka chini moja kwa moja, ila wasije wakaniuliza maswali ambayo majibu yake yako katikati.

Kompyuta yenyewe ni desktop ya mtumba, zile zinazotoka maofisini. Disk yake ni HDD, ya kuzunguka. Windows iko C, nyimbo ziko D. Inakaa sebuleni, kwenye meza iliyoegemea ukuta wa nyuma, chini ya picha yetu ya harusi. Hiyo picha ikumbukeni, nitairudia.

Asubuhi moja nikaiwasha, badala ya kufunguka ikaleta screen nyeusi: Scanning and repairing drive D. Asilimia zikawa zinapanda kwa mwendo wa kobe. Nikaenda kuoga, nikanywa chai, nikarudi, bado. Mwisho ikamaliza, ikafunguka vizuri. Nikasema sawa, labda umeme ulikatika jana.

Kesho yake tena.

Keshokutwa tena.

Ikawa ndiyo salamu yake. Unaiwasha, inakuambia subiri nijikague kwanza. Kuna muda ilikuwa inatoa ruhusa ya kuruka ule ukaguzi kwa kubonyeza kitufe chochote. Mke wangu, Mama Kabula, akazoea hadi akawa anapita na ndoo ya maji, anagusa keyboard kwa kidole kimoja bila hata kuangalia, anaendelea na safari yake.

Mimi nikaingia Google. Nikakuta mtu anaeleza kwamba kuna command, chkntfs, ukiiandika na /x na jina la drive, Windows inaacha kabisa kuikagua hiyo drive inapowaka. Nikaandika. Kesho yake kompyuta ikawaka moja kwa moja, safi. Nikamwita Mama Kabula aje aone.

"Umeitengeneza au umeinyamazisha?" akaniuliza.

Nikamwambia mambo ya kompyuta aniachie mimi. Wakuu, mwanamke alikuwa amemaliza kila kitu kwa swali moja, na mimi nilikuwa nimekata waya wa king'ora mwizi akiwa ndani ya nyumba.

Sasa niwaeleze kwa nini hii D ilikuwa inaninyima raha.

Kwenye kwaya yetu kuna mama anaitwa Mama Kulwa. Mapacha wake, Kulwa na Doto, ni watu wazima wana familia zao, lakini mama ndiye alikuwa sauti ya kwanza yetu tangu mimi sijaoa. Akianza wimbo, hata wale wanaume wanaosimama nje ya kanisa wanapiga soga walikuwa wanaingia ndani.

Mama Kulwa alikuwa na tezi ya shingo. Kwa miaka alikuwa anaifunika kwa kitenge na kuendelea na maisha, lakini ikafika mahali inambana pumzi hata akilala. Madaktari wakamwambia ni lazima itolewe. Wakamwambia pia ukweli, bila kumficha: mishipa ya sauti inapita hapo hapo, tutajitahidi, ila sauti inaweza isirudi ilivyokuwa.

Alirudi nyumbani, hakulia mbele ya mtu. Akaja kwangu na kuniambia, "Baba Kabula, kabla sijaenda huko nataka uzichukue nyimbo zangu. Zote ninazoanzisha mimi. Niimbe peke yangu, kwaya mtakuja kuiweka baadaye."

Tukarekodi pale pale sebuleni kwangu. Magodoro tuliyasimamisha ukutani, watoto tukawapeleka kwa shangazi yao. Aliimba huku ameshika shingo kwa mkono mmoja. Alikuwa akimaliza wimbo anapumzika, anakunywa maji ya vuguvugu, tunaendelea.

Akaenda, akapasuliwa, akapona. Anapumua vizuri, amenenepa, anacheka. Lakini sauti ilirudi nyingine. Nzito, yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyeamka na mafua, na hadi leo ndiyo hiyo. Jumapili aliendelea kukaa na kwaya, ila akawa hafungui mdomo. Anawashikia wenzake watoto wachanga wao wanapoimba.

Kwa hiyo zile nyimbo ndiyo sauti yake iliyobaki duniani. Na mpango ulikuwa kwaya irekodi juu yake, albamu itoke siku ya sikukuu ya somo, yaani mtakatifu msimamizi, wa kigango chetu.

Najua mnachotaka kuuliza. Copy nyingine ilikuwa wapi? Memory card ya rekoda ilifutwa, tukarekodia harusi ya mtu. Flash nilizokuwa nazo zilikuwa ndogo. External nilikuwa nanunua kesho, na kesho ya Segese mnaijua wenyewe. Haya, nitukaneni mmalize, tuendelee.

Baada ya ile dawa yangu ya kunyamazisha, mambo yakawa mabaya kimya kimya. Nikifungua wimbo unakwama katikati, unakohoa, unaendelea. Folder inachukua muda kufunguka. Na pamoja na kuinyamazisha, siku moja ukaguzi ukarudi wenyewe, safari hii umekuja na C vilevile.

Nikaifunga CPU kwenye blanketi, nikapanda basi kupitia Kahama hadi Shinyanga mjini, kwa fundi mmoja yuko Ngokolo anaitwa Masanja. Ni kijana mstaarabu, kazi yake naiheshimu.

Akaiwasha mbele yangu. Ikawaka moja kwa moja.

Akaizima, akaiwasha. Safi. Akarudia tena na tena. Hakuna scanning, hakuna repairing, inafunguka kama mpya.

"Mkubwa, hii kompyuta haina shida," akasema.

Nikamwambia kaa nayo. Nikalala kwa ndugu yangu mjini. Alipokaa nayo hakuona kitu. Akaitoa vumbi, vumbi letu lile jekundu, akabadilisha waya wa disk kwa tahadhari, akaniuliza, "Humu D kuna kitu muhimu?"

Nikajibu, "Nyimbo tu."

Hilo jibu bado linaniuma. Ningesema kitu kingine angenakili siku ile ile. Lakini mtu ukiulizwa ghafla unataka kuonekana huna makuu.

Nikarudi Segese. Nikaiweka mezani, nikaunganisha, nikawasha. Scanning and repairing drive D.

Wakuu, nilikaa kwenye kochi nikaiangalia tu.

Nikairudisha Ngokolo. Ikapona. Masanja akacheka, akasema, "Hii inaogopa fundi." Akaweka Windows upya kabisa kwenye C, D hakuigusa. Nikarudi nayo nyumbani. Ikaugua.

Hapo ndipo watu wakaanza kuwa na maoni. Jirani yangu wa ukuta wa nyuma, Limbu, ambaye anasaga mawe ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, akasema labda umeme wa Segese una nguvu kuliko wa mjini. Mteja wangu mmoja dukani akasema nimetupiwa kitu na wenye wivu na kwaya yetu. Mama Kabula akawaita watu wa jumuiya, wakaja kusali jioni, na mwenyekiti akaibariki nyumba kwa maji ya baraka. Alipoelekea kwenye meza ya kompyuta nikasimama mbele yake kwa heshima zote nikamwambia hapa inatosha tuombe kwa mdomo.

Wakati huo huo Mama Kulwa ananiuliza kila Jumapili.

"Baba Kabula, zile nyimbo zangu zimelala wapi?"

"Zipo, Mama Kulwa. Zinapikwa."

"Zisiungue."

Anasema huku anatabasamu na mtoto wa watu mgongoni. Mimi natoka pale jasho linanitiririka.

Nikaona isiwe tabu, acha nifanye kiume. Nikaiambia ijikague yote, ule ukaguzi mrefu wa chkdsk /r unaopekua disk nzima, niiache imalize kila kitu bila kuikatiza. Nikaenda dukani. Niliporudi jioni ilikuwa imemaliza na imefunguka. Nikaingia D.

Folder lililoandikwa MAMA KULWA halikuwepo.

Nikatafuta kwa search. Nikaangalia Recycle Bin. Nikazima nikawasha, ikajikagua tena, ikafunguka, folder halipo. Mama Kabula akaniuliza mbona umekuwa mweupe. Nilimwona Mama Kulwa kabisa ameshika shingo yake anaimba sebuleni kwangu, halafu mimi namwambia nini?

Nikampigia Masanja pale pale, nimesimama mbele ya meza. Haya maongezi nayakumbuka vizuri, kwa sababu nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika kwenye simu.

"Fundi, inakrashi tena."

"Nini?"

"Nasema inakrashi. Na folder limepotea."

"Karasha?"

"Inakrashi, fundi. Krashi."

"Ndiyo, nalisikia. Hilo karasha liko wapi?"

Kwa wageni wa huku: karasha ni mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Pipa kubwa la chuma, ndani lina mipira ya chuma, linazungushwa na mota, mawe yanatoka unga. Segese makarasha ni kama majiko, kila upande utalikuta. Na sisi Wasukuma mnajua tena, tukiongea haraka, inakrashi na karasha ni mtu na mdogo wake.

Nikamwambia, "Karasha gani wewe? Mimi naongelea kompyuta."

"Na mimi naongelea linalounguruma kwenye simu yako. Hatusikilizani kabisa. Uko machimboni?"

"Niko nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Sebuleni."

Akauliza taratibu, "Mkubwa, sebuleni kwako kuna karasha?"

Nikataka kumjibu hapana. Nikasikiliza. Wakuu, nawaapia, nilikuwa silisikii hadi pale aliponiambia. Lilikuwa linasaga nyuma ya ukuta, hatua chache kutoka nilipo, linatetemesha hata vikombe kabatini, na mimi masikio yangu yalikwisha kuliondoa siku nyingi. Limbu alilijengea pale baada ya masika, tulipokuwa tumeshamrekodi Mama Kulwa, msingi wake wa zege akauunganisha na ukuta wangu ili lisitikisike sana. Nilimruhusu mwenyewe, akaniletea mbuzi.

"Weka kiganja juu ya CPU," Masanja akasema.

Nikaweka. Nikamwambia inatetema kidogo, ni feni yake.

"Sasa izime kabisa. Chomoa waya ukutani. Weka kiganja tena."

Nikazima, nikachomoa. Taa zote zimekufa. Nikaweka kiganja.

Bado inatetema.

Mama Kabula naye akaja akaweka kiganja chake pembeni ya changu. Tukaangaliana. Halafu akainua macho kwenye ile picha yetu ya harusi. Miezi yote hiyo picha ilikuwa inapinda, kila Jumamosi akifanya usafi anainyoosha, ananilalamikia kwamba nilipigilia msumari vibaya. Mimi nikawa nalaumu ukuta, ukuta wenyewe haukuwa na kosa.

Masanja akanieleza. Ndani ya HDD kuna sahani inazunguka kwa kasi sana, na kuna kichwa kinachosoma kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Ukiitikisa mchana kutwa, kinakosea kuandika, na kikigusa sahani kinaichubua. Na zaidi, mota ya karasha ikianza umeme wa nyumba unayumba. Nikakumbuka taa zetu zilivyokuwa zinafifia kila Limbu akiwasha. Kompyuta inakatwa katikati ya kazi, ikiamka inajua kuna kitu hakikwenda sawa, inaomba ijikague. Ikija Ngokolo inakuta utulivu na umeme mzuri, inakaa kama malaika.

"Na mimi nimekubadilishia waya bure," akasema, akacheka kwa aibu. "Nilikuwa nakuuliza maswali ya ndani ya kompyuta tu. Ya nje sikuuliza."

Akanipa masharti. Usiiwashe tena hapo. Usiikague tena, kuikagua disk iliyochubuka ni kumlazimisha mgonjwa akimbie. Itafutie nyumba isiyo na karasha karibu, tafuta external, nakili kwanza, mengine baadaye.

Nyumba isiyo na karasha karibu. Segese.

Tukaanza kuwataja majirani mmoja mmoja na wote tukawakuta na lao nyuma ya choo au ubavuni. Mama Kabula ndiye aliyesema, "Mama Kulwa yuko kule mashambani. Kwake ni kimya, na umeme wameshamvutia. Na nyimbo ni zake."

Nilijua tangu mwanzo kwamba angesema hivyo, na nilikuwa naombea asiseme.

External nikaazima kwa mwalimu wa kwaya. Asubuhi nikaita bodaboda. Mama Kabula akamrudisha. Akasema barabara ile ina mashimo na hiyo disk yenu imeambiwa isitikiswe. Akaifunga CPU kwa kanga, akaweka ngata kichwani, akainama nikamtwisha.

"Kichwa hiki hakijawahi kumwaga maji," akasema, akatangulia.

Nikamfuata nyuma na monitor mikononi. Watu wanatuuliza kama tunahama. Nawaambia wakuu, ile CPU ilikwenda mwendo wote ule bila kuyumba.

Tukamkuta Mama Kulwa amekaa kwenye mkeka anakata viazi vitamu vya michembe, vile vya kuanika juani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaangalia mzigo, akaniangalia mimi.

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Kwamba nyimbo hazikuwa zinapikwa. Kwamba kompyuta inaumwa, folder limepotea, copy nyingine sina.

Akaendelea kukata viazi kidogo. Kwa ile sauti yake mpya, ambayo unatakiwa umsogelee kuisikia, akasema, "Niliimba huku shingo inauma, Baba Kabula."

Basi, hilo tu. Akanyanyuka akatupisha meza. Afadhali angenifokea.

Tukaunganisha. Nikawasha. Ikataka kujikagua, nikabonyeza kitufe ikaruka, ikafunguka. Masanja yuko kwenye simu, nimeweka loudspeaker, na safari hii tunasikilizana vizuri, kinachosikika nyuma ni kuku. Akanielekeza kufungua vitu vilivyofichwa kwenye D. Likaonekana folder sijawahi kuliona, linaitwa found.000. Ndani yake kuna mafolder mengine na mafaili yanaitwa majina ya ajabu, yote yanaishia na chk.

"Hivyo ni vile ilivyookota ilipokuwa inajikagua," Masanja akasema. "Ni kama mtu aliyeokota watoto sokoni bila kujua majina yao. Nakili vyote kwanza. Usifungue hata kimoja."

Nikanakili. Ilichukua muda mrefu, kuna mahali ilikuwa inasimama mpaka nadhani imekufa, halafu inaendelea. Faili moja likagoma mwishoni, Masanja akanielekeza njia nyingine ya kulivuta, likaja nusu. Baada ya hapo nikawa nalibadilisha kila faili mwisho wake, natoa chk naweka wav ya mafaili ya sauti, nalicheza kusikia ni nini.

La kwanza harusi. La pili harusi ile ile. Jingine mtu anapima kipaza sauti. Jingine halikuwa wav kabisa, likakataa. Mama Kabula kashika kisu anamsaidia mwenyeji viazi, kila nikibonyeza wote wawili wanasimamisha visu, wakisikia siyo wanaendelea. Nikaanza kusali kimoyomoyo, mimi ambaye siku ile nilimzuia mwenyekiti.

Halafu spika ikatoa sauti ya mwanamke, kali, safi, imejaa chumba chote:

"Baba Kabula, sogeza hiki kidude, kinanitazama."

Ni yeye. Kabla ya operesheni, kabla hata hajaanza kuimba.

Mama Kulwa akaweka kisu chini. Wimbo ukaanza, ukaenda mpaka mwisho, hakuna mkwamo. Ukapita wa pili. Machozi yalikuwa yanamtoka huku anatikisa kichwa anafuata mwendo. Ulipoisha akafuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Kumbe nilikuwa na sauti kali hivi," akasema. "Ndiyo maana wale mapacha walikuwa wananitii."

Tukacheka wote, mimi nilicheka kupita kiasi.

Nyimbo zikapatikana zote. Ila ya mwisho ndiyo lile faili lililokuja nusu. Ni wimbo wa toba aliutunga mwalimu wetu wa kwaya. Ukafika ubeti wa pili, Mama Kulwa wa kwenye spika anaimba:

Nimerudi nyumbani kwako, mikono yangu...

Ukakatika hapo. Kimya. Nikarudisha nyuma, ukakatika pale pale. Masanja kwenye simu akasema pole mkubwa, hapo ndipo disk ilipochubuka, hakuna kilichobaki.

Nikageuka niombe radhi. Mama Kulwa alikuwa anaangalia ile spika kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi. Alipoona hamalizi, akamalizia yeye. Kwa ile sauti yake ya sasa, nzito, yenye mikwaruzo, chini kabisa:

...haina kitu, nipokee nilivyo.

Tangu atoke hospitali hakuna mtu aliyekuwa amemsikia akiimba. Mama Kabula akainamia viazi. Mimi nikajifanya naangalia nyaya.

Nikamwambia tutamtafuta Doto, sauti yake inafanana na ya mama yake, aje aimbe kile kipande tuunganishe, hakuna atakayejua.

"Hapana," akasema. "Lete rekoda yako. Weka hivyo hivyo."

Ndivyo tulivyofanya. Kwaya ikaingia juu yake. Siku ya sikukuu ya somo wa kigango tukaupiga kwenye spika baada ya misa. Ule wimbo unaanza na Mama Kulwa wa zamani, ubeti wa pili ukifika kwenye mikono yangu, anaingia Mama Kulwa wa sasa. Watu wakageuka kumtafuta alipo. Alikuwa mstari wa nyuma, amesimama na wale wa sauti ya nne, pamoja na wanaume. Ndiko anakoimba siku hizi.

Sasa mambo ya kawaida tumalizie.

Limbu nilimweleza, akacheka mpaka akakaa chini, akadhani natafuta mbuzi wa pili. Lakini ni muungwana, ameuvunja ule msingi ulioshikana na ukuta wangu na kulisogeza karasha upande wake wa pili. Ile HDD nimeipumzisha. Kompyuta sasa ina disk isiyozunguka na UPS ndogo, imehamia chumba cha mbele, na nyimbo ziko kwangu, kwa mwalimu wa kwaya, na kwenye flash anayoivaa Mama Kulwa shingoni pamoja na rozari. Picha ya harusi bado iko pale pale, imenyooka, na Mama Kabula ameomba radhi kwa msumari.

Nilichojifunza ni hiki. Kompyuta ikiomba kujikagua kila siku, usiizibe mdomo kama mimi. Nakili vitu vyako kwanza, hata kabla ya kuiruhusu ijitengeneze, kwa sababu ikijitengeneza inaweza kukupotezea majina. Halafu kabla hujaifungua ndani, angalia inakaa wapi. Tuliozoea kelele huwa hatuzisikii, muulize mtu aliye mbali anasikia nini kwenye simu yako.

Wataalamu mnakaribishwa kunisahihisha, hasa huko kwenye chkntfs, na wenye makarasha, viwanda vya kukoboa, jenereta na mashine za kusaga jirani na kompyuta zenu, leteni visa vyenu hapa. Ila wewe unayetaka kuandika kwamba ningenunua SSD tangu mwanzo, kwanza zima hiyo yako, chomoa waya, weka kiganja juu yake, ndipo urudi uniambie umehisi nini.